Taa Imefifia, Hata Mimi Nimeiona

Vuta kigoda, weka chai karibu. Leo tuzungumze habari ya michezo ya kuigiza, sinema na tamthilia: zinatufundisha nini kuhusu akili zetu, na kuhusu maisha ya watu wawili chini ya paa moja.

Nianze nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990, kwetu Morogoro, redio ilikuwa moja kwa nyumba tatu, nayo ilikuwa ya shangazi yangu. Betri zikichoka tulizianika juani kama dagaa, ili zitufikishe jioni ya Twende na Wakati. Ulikuwa mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Saa ikikaribia, majirani walikuja na kazi zao mikononi, huyu anasuka ukili, yule anachambua mchele. Sisi watoto tulikaa chini, kimya, maana ukikohoa Mkwaju anapozungumza unatolewa nje.

Mkwaju, kwa mliozaliwa juzi, alikuwa dereva wa lori. Kila kituo ana mwanamke, fedha zinaishia kwenye pombe, na mkewe Tunu amebaki nyumbani na watoto, akiamini kwamba hafai kitu kwa sababu ndivyo anavyoambiwa.

Jioni moja Mkwaju akawa anamfokea Tunu. Niliona mikono ya shangazi imesimama juu ya ungo. Macho yake hayakuwa kwenye redio, yalikuwa kwa jirani yetu wa ukuta wa pili, mama mmoja mpole aliyekuwa amekaa mlangoni. Mume wa mama huyo alikuwa na kawaida ya kuwaambia watu wa mtaa, mkewe akiwa hapo hapo anasikia, “Msimsikilize sana huyu, akili hazimtoshi.” Alilisema akicheka, na watu walicheka naye. Mchezo ulipokwisha shangazi alizima redio, akasema kama anayezungumza na mchele, “Huyu Tunu anakaa mtaa huu huu.”

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nitarudi kwa mama huyo. Kwanza nikupeleke London.

Mwaka 1938 mwandishi Mwingereza, Patrick Hamilton, alitoa mchezo wa jukwaani alioupa jina Gas Light, yaani taa ya gesi. Kisa kimewekwa London ya mwaka 1880, enzi ambazo majumba ya mji ule yaliwashwa kwa gesi iliyopita kwenye mabomba ya ukutani. Ndani ya nyumba moja wanaishi Bwana Manningham na mkewe, Bella.

Mume yule silaha yake si ngumi. Picha inatoweka ukutani, naye anauliza kwa upole unaotisha, umeificha wapi tena? Bella anaapa hakuigusa. Picha inapatikana ilikofichwa, na kwa kuwa mume ameapa si yeye, basi ni nani mwingine? Kesho inapotea bili ya duka, keshokutwa kipambo. Ni vitu vidogo vidogo, kimoja kimoja, ambavyo ukivisimulia kwa jirani atakushangaa unalilia nini. Tena mama mzazi wa Bella alikufa akiwa na ugonjwa wa akili, na mume hachoki kumkumbusha. Polepole mwanamke anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Anaona kitu, kisha anajiuliza kama kweli amekiona.

Sasa njoo kwenye taa. Kila jioni mume anaaga na kutoka. Haupiti muda, mwanga wa taa ya chumbani unafifia, na hakuna aliyeigusa. Bella anasikia nyayo juu ya dari, kwenye ghorofa ambayo haikaliwi na mtu. Baadaye taa inapata nguvu tena, na kitambo kidogo mume huyo mlangoni, anavua kofia.

Wewe uliyewahi kuishi nyumba ya kupanga utaelewa haraka kuliko mtu yeyote. Uko bafuni, umejipaka sabuni, maji ya bomba yanatoka vizuri. Ghafla yanakuwa uzi. Huhitaji kuambiwa na mtu, unajua mpangaji mwenzako amefungua bomba lake. Gesi ya mabomba ilikuwa hivyo hivyo. Ukiwasha taa chumba kimoja, ya chumba kingine inapungua. Mume yule hakwenda mbali. Alizunguka, akapanda kwenye ile ghorofa iliyofungwa, akawasha taa huko na kutafuta vito vya mwanamke mzee aliyemuua humo humo ndani miaka mingi nyuma. Ili asishukiwe, ilibidi mkewe aonekane mwehu. Na ili aonekane mwehu, ilibidi kwanza ajione mwehu.

Siku moja mume akiwa hayupo, anaingia mzee mmoja, mpelelezi wa zamani wa polisi. Anaketi. Anamsikiliza Bella. Wakiwa bado wanazungumza, mwanga wa taa unabadilika, na mzee anauona kwa macho yake mwenyewe.

Simama hapo kidogo, msikilizaji. Mzee yule hakuleta dawa wala mawaidha. Hakumwambia mwanamke avumilie, wala hakumwambia aondoke. Jambo la kwanza alilompa ni kwamba naye ameiona taa. Basi. Na mwanamke aliyekuwa amejikunja kama karatasi anaanza kunyooka mbele ya macho yetu, kwa sababu kwa miezi yote ile hakuwa amekosa akili. Alikuwa amekosa shahidi.

Mchezo huo ulikwenda Marekani kwa jina la Angel Street. Ulianza Broadway Desemba 1941 na kuonyeshwa mara 1,295. Mwaka 1944 Hollywood ikatoa sinema yake, na Ingrid Bergman akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza mke yule. Lakini safari kubwa zaidi ni ya jina lenyewe. Taa ile ya gesi imekuwa kitenzi cha Kiingereza, jina la ule ujanja wa kumfanya mtu aache kuamini macho na masikio yake. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililitangaza kuwa neno la mwaka, kwa jinsi watu walivyolitafuta. Fikiria watu wangapi waliketi na jambo lisilo na jina vifuani mwao, mpaka wakalikuta jina lake kwenye mchezo wa kuigiza.

Sisi tunalo la kwetu, tena halihitaji taa ya mtu. Tunasema kuchezewa akili. “Anamchezea akili mwenzake.” Na yule mwenye kosa anapomgeuka aliyekosewa mpaka anaomba radhi yeye, tunasema kamgeuzia kibao. Maneno tunayo. Ila tunayatumia kwenye mapenzi ya vijana na madeni ya dukani. Tukimwona mama wa ukuta wa pili tunasema mambo ya watu hayo, wagombanao ndio wapatanao.

Nisieleweke vibaya. Si kila mtu anayeteseka akilini amechezewa na mwenziwe. Sonona ni ugonjwa, skizofrenia ni ugonjwa, na humpata hata mtu anayependwa na nyumba nzima. Magonjwa hayo yana matibabu. Tamthilia haikutibu, na hospitali za akili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, hazikujengwa kwa ajili ya watu wa kwenye hadithi. Lakini kabla mtu hajafika kwa daktari, lazima mtu fulani awe ameona. Na hilo la kuona ndilo mchezo wa kuigiza unatufunza kuliko hotuba. Sisi tuliokaa kwenye viti tumeiona ile taa tangu mwanzo. Tunajua Bella hasemi uongo. Tunatamani kupanda jukwaani tumwambie. Ile hamu ya kupanda ndiyo somo lenyewe, na ukitoka ukumbini unatembea nayo mpaka mtaani kwako.

Sasa nikuonyeshe shahidi wa aina ya pili, aliyenyamaza.

Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi, kikatoka mwaka 1969. Shakespeare ana mchezo mwingine unaoanzia mji huo huo wa Venisi, nao ni Othello. Huyu ni jemadari mwenye asili ya Afrika, ana mke anayempenda, Desdemona, na ana msaidizi mwenye kijicho, Iago. Iago hampigi mtu panga. Anampandikizia jemadari shaka kidogo kidogo, na shaka ile inahitaji ushahidi, hata mdogo. Ushahidi unakuwa leso.

Leso ile ni zawadi ya kwanza Othello aliyompa mkewe. Inadondoka. Anayeiokota ni Emilia, mhudumu wa Desdemona, ambaye pia ni mke wa Iago. Mumewe ameiomba siku nyingi, naye anampa ili amfurahishe, asijue anaitakia nini. Baadaye Othello anaidai leso kwa mkewe kwa hasira. Iko wapi? Ilete! Desdemona anababaika. Na Emilia yupo pale pale, anasikia. Anajua leso imekwenda wapi. Sentensi moja tu ya Emilia ingetosha, na hakuitoa. Alipokuja kuusema ukweli kwa sauti, Desdemona alikuwa amekwisha kuuawa na mumewe, na ukweli huo ukamgharimu Emilia maisha yake pia.

Tunapousoma mchezo huu shuleni tunaambiwa ni kisa cha wivu. Ni kweli, na mtaani kwetu bado kuna wanaoamini kwamba mwanamume asiye na wivu hapendi. Lakini kila ninapoufikiria, siwezi kuacha kumtazama Emilia. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda bibi yake. Alinyamaza kwa sababu ile ile inayotunyamazisha sisi: labda si jambo kubwa, labda litapita, na mimi nani niingilie ya mke na mume?

Nami nimewahi kuwa Emilia. Kazini niliwahi kuwa na mwenzangu mmoja, mcheshi, mtu ambaye akifika ofisi inachangamka. Ikafika wakati nikaona hali chakula cha mchana. Anasema ameshiba, ana kazi, anafunga. Utani ulibaki ule ule ila macho hayakuwa pamoja na mdomo. Niliona kwa wiki nyingi. Nilijiambia ana mawazo tu, nani hana? Siku moja hakuja, wala kesho yake. Tulipata habari kwamba amelazwa, kwamba alitaka kujidhuru na ndugu wakamuwahi. Mungu ni mwema, yupo hadi leo na ana afya njema. Tulipokutana baada ya muda mrefu nilimwambia nilikuwa nimeona. Akanitazama, akasema bila hasira hata kidogo, “Mimi kila siku nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniulize.”

Sina la kuongeza hapo.

Yuko shahidi wa tatu, na huyu yuko Vienna. Tarehe 30 Septemba 1791 ilionyeshwa huko kwa mara ya kwanza opera ya Mozart iitwayo Die Zauberflöte, yaani zumari la kichawi. Ndani yake yumo mkamata ndege anayeitwa Papageno. Anapenda kula, anapenda kunywa, anatafuta mchumba. Karibu na mwisho anadhani amempoteza mpenzi wake moja kwa moja, na mtu huyu wa vichekesho anaamua kujitoa uhai. Anasitasita. Anahesabu, kana kwamba anampa mtu nafasi ya kutokea. Wavulana watatu wanatokea. Hawamkemei wala hawamwambii ni dhambi. Wanamkumbusha kwamba anazo kengele zake, zilizo naye muda wote, ila kwa huzuni amezisahau. Anazipiga, na mpenzi wake anaonekana.

Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walichapisha uchunguzi wao kuhusu magazeti ya Austria na habari za kujiua. Waliona kwamba habari zinazomsimulia mtu aliyefikia ukingoni, akapata njia nyingine na akaishi, zilikwenda pamoja na kupungua kwa vifo vya namna hiyo. Jambo hilo wakaliita kwa jina la Papageno. Mchezo mwingine tena umetoa jina! Na upande wa pili wa sarafu hiyo upo. Mwaka 2017 Netflix ilitoa tamthilia ya 13 Reasons Why, kuhusu msichana wa shule aliyejiua, ikaonyesha tendo lenyewe bila kificho. Madaktari na wazazi walilalamika, na Julai 2019 kampuni hiyo ikaikata sehemu ile. Kwa hiyo haitoshi kusema tumeigusa afya ya akili. Je, umemwonyesha mtazamaji ukingo peke yake, au umemwonyesha na kengele?

Hata sheria inaanza kujifunza. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Papageno alihitaji wale wavulana watatu. Askari na pingu asingejua awafanyie nini.

Sasa tuje kwa watunzi wetu, na hapa nitasema kama ndugu. Ukitazama filamu nyingi za kwetu, mgonjwa wa akili ana kazi mbili tu. Ama ni chizi wa sokoni, nywele timtimu, anakimbiza kuku ili tucheke, ama ni mtu aliyetupiwa jini na mke mwenza, anayepona usiku mmoja baada ya maombi au kafara. Yule anayeamka saa tisa za usiku na kuikodolea macho dari hadi alfajiri, akaenda kazini, akapokea salamu, akarudi, huyo hatumwoni. Wala hatuwaoni wanaokaa naye. Na kofi la mume kwa mke bado linachukuliwa kama nukta tu ya kumalizia ugomvi, kisha muziki wa mapenzi unaingia. Mtoto aliyekaa kwenye mkeka anajifunza kwamba ndivyo mambo yanavyokwisha.

Tunajua tunaweza kufanya vizuri zaidi, maana tumeshafanya. Twende na Wakati ilipoanza, mtambo wa Dodoma haukuirusha mpaka mwaka 1995, na watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walibadilika, na moja ya njia za kubadilika huko ilikuwa kwamba mume na mke walianza kuyazungumza wenyewe kwa wenyewe yale waliyoyasikia kwa Mkwaju na Tunu. Redio ilianza mazungumzo, wao wakayamalizia kitandani. Mwaka 2012 ikaja kwenye televisheni Siri ya Mtungi, kisa cha Bagamoyo, na jina lake ni methali tunayoijua sote: siri ya mtungi aijuaye kata. Wahenga walimaanisha kwamba ya ndani anayajua wa ndani. Ni kweli. Lakini mchezo mzuri wa kuigiza huichovya ile kata mbele yetu sote na kuiinua, tukaona maji ni ya rangi gani.

Basi leo usiku, ukiketi na wanao mbele ya televisheni, usiwaachie tamthilia peke yao. Ikifika matangazo, uliza swali moja: nani ameona? Katika nyumba ile ya kwenye kioo, nani amejua kwamba mama hasemi uongo, nani amegundua baba hali, nani ameokota leso? Utashangaa. Watoto huiona taa kabla yetu. Kisha ukiwa peke yako jiulize lile la pili: katika mtaa wangu, ni taa ya nani inayofifia na mimi najifanya sioni? Si lazima uwe na jawabu. Unaweza kusema, “Nimekuona siku hizi huna raha, una nini?” Halafu unyamaze, usikilize. Na ukiona ni zito kuliko mabega yenu wawili, msindikize kituo cha afya. Msindikize, usimwelekeze njia tu.

Nilisema nitarudi kwa jirani yetu wa Morogoro. Siku iliyofuata ile ya Mkwaju, shangazi alinituma nipeleke chumvi kwake, akabadili nia, akaipeleka mwenyewe, nami nyuma yake. Hakuingia ndani. Walisimama uani, mama yule akiwa ameshika ndoo. Shangazi akamwambia kwa sauti ya chini, “Juzi usiku nilisikia alichokwambia. Na jana uliporudi sokoni ulikuwa na chenji yote, mimi nilikuona ukiihesabu. Wewe huna kichaa.”

Mama yule hakujibu. Aliiweka ndoo chini, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kama jioni kuna redio. Shangazi akasema betri ziko juani.

Msikilizaji, usiku mwema.